Pakiti Nilizotaka Zivuje

Baba alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mimi nalipwa kuharibu vitu vizuri. Sikuwahi kumrekebisha, kwa sababu hakuwa mbali na ukweli. Nafanya kazi Athi River, katika kiwanda kinachotengeneza vifaa vya hospitali: glavu, vitambaa vya chumba cha upasuaji, na pakiti ndogo za shashi, ile nguo nyepesi nyeupe ya kufunikia vidonda. Wenzangu wanazitengeneza. Mimi nachukua chache kutoka kila bechi, yaani kila kundi linalotengenezwa kwa mkupuo mmoja, naenda nazo maabara, nazirarua, nazizamisha majini, nazitia rangi, halafu nazitupa.

Pakiti ya shashi ina karatasi upande mmoja na plastiki inayoonyesha upande wa pili. Mashine ya joto inazibana pande zote nne mpaka zinashikana. Sisi tunauita ukingo ule mshono, nafikiri kwa sababu wengi wetu tulitokea viwanda vya nguo vilivyo hapo jirani na hatukuona haja ya kutafuta neno lingine. Baada ya kuzibwa, pakiti zinaingizwa kwenye chumba cha gesi. Gesi inapenya karatasi na kuua viini vyote vilivyo ndani. Kuanzia hapo kilicho ndani kinabaki safi kwa muda mrefu sana, mradi mshono umeshika kila mahali. Mfereji mwembamba kuliko unywele ukipita katikati ya mshono, kazi yote imekuwa bure, na kwa macho huwezi kujua.

Ndiyo maana tunapima. Kuna kipimo cha rangi, ambapo nachukua sindano na kutia maji ya buluu ndani ya pakiti, nayaelekeza pembezoni, na kutazama kama buluu itavuka mshono kwenda nje. Kuna kipimo cha mapovu: natoboa pakiti katikati, naingiza mrija wa hewa, naizamisha kwenye tangi la kioo, na kusubiri kuona kama povu litatoka ukingoni. Na kuna kipimo cha kuvuta, ambapo mashine inaibandua karatasi kutoka kwenye plastiki polepole na kutuambia ilitumia nguvu kiasi gani. Pakiti nzuri ikishabanduliwa inaacha mstari mweupe kwenye plastiki, mpana sawasawa, usiokatika. Nimeitazama mistari hiyo miaka mingi kiasi kwamba siwezi kufungua biskuti bila kuangalia ukingo.

Mkubwa wetu wa maabara ni mama wa Machakos mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufungua duka la vitambaa na hakurudi. Kiswahili chake ni kile ambacho sisi watu wa Kathiani tunakisikia redioni. Siku yangu ya kwanza alinipa pakiti mkononi akaniambia nisiitafutie sifa, niitafutie kosa. Nikilikosa kabisa, basi imepita. Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa mtu wa maneno machache, anakula chakula chake cha mchana peke yake karibu na dirisha, na hakuwahi kunipandishia sauti.

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu nikiwa sekondari. Aliuchukulia kama jirani msumbufu ambaye ukimsalimia asubuhi hakusumbui tena mchana. Alimeza dawa alipokumbuka. Alilima matuta yake ya mahindi na maharagwe, alipogoa miparachichi, na jioni aliketi nje ya jikoni na redio ndogo akimbishia msomaji wa habari. Alivaa akala, viatu vya mpira wa gari, mvua na jua. Kamba ya kiatu kimoja ilimkata kidole kidogo cha mguu na yeye hakuhisi kitu. Mama ndiye aliyeona damu kwenye sakafu akafuata alama zake mpaka kitandani.

Kidonda kilioza, na kidole kile kikakatwa katika hospitali mjini Machakos. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nilichukua ruhusa kazini nikamleta nyumbani pamoja na mama, na muuguzi aliyetuaga alitueleza kwa utaratibu namna ya kumhudumia: maji yaliyochemshwa na kupoa, mikono ioshwe kwa sabuni, kidonda kisafishwe na kufunikwa kila siku kwa shashi kutoka kwenye pakiti. Mama alirudia kila neno kama mtoto wa katekisimu. Tukapita kwenye duka la dawa tukanunua boksi la pakiti, na nilipoliona nikacheka. Zilikuwa za kwetu. Nilizitambua kwa karatasi na kwa alama pembeni kabla sijasoma chochote.

Baba alifurahi kupita kiasi. Tulipofika nyumbani aliinua pakiti moja kuelekea dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Hii uliipima wewe?"

Nilimwambia hapana, hiyo hasa haikupimwa, lakini ndugu zake walipimwa.

"Basi ni ya ukoo mzuri," akasema, akamrudishia mama.

Hapo lazima nimweleze mama yangu, maana bila hivyo hamtamwelewa. Mama ni mtu safi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sufuria zake unaweza kujitazamia ndani. Vikombe vya wageni vinakaa kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, na hakuna mwenye ruhusa ya kulifungua isipokuwa yeye. Tena ni mtu wa kutunza. Alikulia upande wa Mwala miaka ambayo mvua ilikataa, na hadi leo hatupi mfuko wa nailoni, hatupi kopo, hatupi kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha. Anakikandamiza kwenye kipande kipya. Isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ikibaki leo, kesho inapashwa moto, na ikibaki tena inapondwa. Sikuwahi kuona kitu kikiharibika mikononi mwake.

Kwa hiyo nilipokuwa Athi River sikuwa na wasiwasi. Nilikuja nyumbani mwisho wa wiki nilipoweza. Mara mbili au tatu nilimfungua baba kidonda mwenyewe, na kila mara mama aliniletea pakiti mpya iliyofungwa, akasimama kando na beseni, akitazama mikono yangu kwa heshima kama ninayesoma misa. Kidonda kilikuwa kikifunga polepole, kama ilivyo kwa watu wa sukari, lakini kilikuwa kikifunga. Baba alianza kuzungumza juu ya kupanda maharagwe.

Halafu siku moja mama alinipigia simu nikiwa kazini. Alisema mguu una harufu.

Nilipofika tayari walikuwa wamemrudisha hospitali, ndugu yangu mkubwa akiwa amekodisha gari la jirani. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti na ngozi ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza. Baba alikuwa na homa na alimwita kila mtu kwa jina la dada yake. Siku iliyofuata waliukata chini ya goti.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimwuliza viini vilitoka wapi, wakati kidonda kilikuwa kinapona. Hakunificha. Alisema huenda ni damu ambayo haifiki miguuni, huenda ni sukari iliyopanda bila wao kujua, huenda ni kitu kilichoingia wakati wa kufunga kidonda, na huenda ni yote kwa pamoja. Kisha akaongeza, bila kunijua mimi ni nani, kwamba vifaa vingine siku hizi si vya kuaminika.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo.

Nilikwenda Kathiani kumchukulia baba nguo, na kabla ya nguo nikatafuta lile boksi. Lilikuwa juu ya meza ya chumbani, na ndani mlikuwa na pakiti kadhaa ambazo hazijafunguliwa. Nikazitia zote kwenye begi langu. Mama alikuwa hospitali. Nilisimama pale chumbani, kitanda cha baba kikiwa bado na alama ya mwili wake, na nikahisi kitu kinachofanana na nafuu. Kama kosa lilikuwa la mshono, basi lilikuwa na mahali pake. Lilikuwa na mashine, na saa ambayo mashine ile ilipoa, na mtu aliyepaswa kuona. Mtu huyo angeweza hata kuwa mimi. Nilikuwa tayari liwe langu, mradi liwe la mtu.

Asubuhi iliyofuata nilimwendea mkubwa wetu kabla hajavaa koti la maabara, nikamweleza kila kitu na kumwekea pakiti mezani. Nilitarajia aniambie nipeleke jambo hilo ofisini, kwa sababu kiwanda hakipendi kifaa kilichotoka kwenye nyumba ya mtu kirudi kikiwa na malalamiko. Badala yake alisoma nambari ya bechi, akachukua funguo, akaenda nami kwenye stoo tunakoweka akiba. Kwa kila bechi tunayoitoa kuna pakiti chache tunazobaki nazo, ziwe shahidi ikitokea shida. Za bechi ile zilikuwepo. Alizibeba mwenyewe.

Tulipima siku ile na hatukuzungumza mengi. Nilianza na zile za nyumbani. Niliziangalia kwanza chini ya taa, kisha nikatia rangi kwenye ya kwanza. Buluu ilikwenda hadi kwenye mshono ikasimama, ikajaza kona zote nne, na haikuvuka. Ya pili vilevile. Niliiinamisha, nikaibonyeza kwa kidole, nikasubiri kuliko muda tunaoruhusiwa kusubiri. Wakati mwingine karatasi yenyewe inanyonya rangi taratibu na mtu asiye na uzoefu anaweza kusema imevuja. Niliona unyevu wa buluu ukianza kutanda kwenye karatasi na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Mkubwa wetu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ni karatasi," alisema kwa upole. "Wajua kwamba ni karatasi."

"Najua."

"Wataka zivuje."

Alivuta stuli akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mie baba yangu alikufa kwa moyo," akasema. "Akipanda ngazi za nyumba yetu. Nilizitupia lawama zile ngazi mpaka nikachoka. Pima hizo zote, dada. Lakini zipime kama za mtu mwingine."

Nikazipima zote. Kwenye tangi la maji pakiti zilivimba kama mashavu na hakuna povu lililotoka ukingoni. Kwenye mashine ya kuvuta, nguvu ilikuwa ile inayotakiwa, na kila plastiki ilibaki na mstari mweupe, mpana sawasawa, usiokatika mahali popote. Za stoo zilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa bechi nzuri, pengine nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuzipitisha. Nilikaa pale nikiwa na vipande vilivyoraruliwa mbele yangu na vidole vya buluu, na nililia kwa sababu vitu vilivyotengenezwa vizuri vilikuwa vimetengenezwa vizuri.

Mwisho wa wiki nilienda nyumbani. Mama alikuwa amerudi kwa siku moja kuoga na kulisha ng'ombe. Baba hakuwa anaendelea vizuri. Viini vilikuwa vimeingia kwenye damu, na daktari alikuwa ameacha kutuambia lini atatoka. Mama alikuwa nje akikata majani. Nikataka kujitengenezea chai, na vikombe vya jikoni vilikuwa vyote havijaoshwa, jambo ambalo peke yake lilinionyesha hali yake. Nikaenda sebuleni nikafungua kabati la kioo kuchukua kikombe cha wageni.

Nyuma ya vikombe, juu ya kile kitambaa alichofuma, kulikuwa na pakiti ya shashi iliyofunguliwa. Mdomo wake ulikuwa umekunjwa mara mbili kwa uangalifu na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Ndani mlikuwa na vipande vilivyobaki. Kando yake palikuwa na nyingine, nayo imekunjwa na kubanwa.

Nilielewa hapo hapo, nikiwa bado nimeshika mlango wa kabati. Kila pakiti ina vipande kadhaa, na kidonda cha kidole kidogo hakihitaji vyote. Mama alichukua alichohitaji. Kilichobaki alikihifadhi mahali palipo safi kuliko pote katika nyumba yake, akakitumia kesho yake, na kesho kutwa. Nilipokuja mimi alinifungulia mpya kwa sababu mimi ni mgeni na mtu wa kazi hiyo. Muuguzi alisema shashi itoke kwenye pakiti, na ilitoka kwenye pakiti. Hakuna aliyemwambia kwamba usafi wa pakiti unaisha pale inaporaruliwa, na kwa kweli nani angefikiri kumwambia. Mtu akinunua sukari humwambii aimalize siku hiyo hiyo.

Sikumsikia akiingia. Alikuwa mlangoni na panga mkononi na majani yamemshika kwenye leso.

"Hizo nimemwekea akirudi," alisema. "Bado ni safi. Hata sijaingiza mkono, natoa na kile kikoleo nimechemsha."

Nikasema, "Sawa, mwaitu," kama tunavyomwita mama nyumbani. Nikafunga kabati.

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kuosha vikombe. Tulikunywa chai jikoni. Alinisimulia kuhusu ng'ombe. Chai yake aliiacha nusu, na nikajiambia ni uchovu.

Baba alifariki wiki iliyofuata, mchana, ndugu yangu akiwa amemshika mkono. Nilifika akiwa amefunikwa tayari.

Tulimzika kwenye tuta la juu, karibu na mparachichi alioupanda mwaka niliozaliwa. Watu walikuwa wengi, kwaya iliimba, padre alisema aliyoyasema. Siku iliyofuata, kabla ya wageni wa mbali kuondoka, familia ilikaa sebuleni kama kawaida ili mwenye neno aliseme. Aliyekuwa na neno ni shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anakaa Muthetheni, anauza ndengu na mbaazi sokoni. Mama yao alikufa baba akiwa bado ananyonya, na ni shangazi, mwenyewe akiwa msichana mdogo, aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akaacha shule kwa ajili yake. Siku za mwisho baba alipokuwa akimwita kila mtu kwa jina moja, jina hilo lilikuwa la shangazi. Alikuwa amekuja hospitali kila siku ya soko, akiacha mzigo wake kwa jirani.

Alizungumza akiwa ameketi, kwa sauti ya chini, mikono imelala mapajani. Nyumbani tunaongea Kikamba, na haya nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka. Alisema ndugu yake alitoka hospitali akiwa anapona na akarudi akiwa ameoza, na hayo mambo hayaji yenyewe. Alisema amesikia daktari alitaja vifaa vibovu. Alisema kama kuna watu wanauzia wagonjwa takataka, familia isinyamaze, iende ikashtaki. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unafanya kazi huko. Tuambie. Zile pakiti zilikuwa nzima?"

Sebule yote ikanitazama. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu siku ya kabati, lakini nilikuwa nimelifikiria likiulizwa na ndugu yangu, faraghani, ambapo ningeweza kusema sijui. Nikisema zilikuwa mbovu, watakwenda kumshtaki mtu ambaye hakufanya kosa, na kesi itafika kwa mkubwa wangu ambaye alibeba zile akiba kwa mikono yake. Nikisema zilikuwa nzima, kila mtu pale alijua nani alikuwa akimfunga baba kidonda.

Nilisema ugonjwa wa sukari unakula mishipa kutoka ndani. Nilisema daktari alieleza kwamba damu haikuwa inafika mguuni. Yote mawili ni kweli.

"Sijakuuliza sukari," shangazi alisema. "Nimeuliza pakiti."

"Nilizipima," nikasema. "Zilikuwa nzima."

Nje mtu alikuwa akiburuta viti vya kukodisha kuvirundika. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wa kanisa, leso imemfunika hadi kwenye nyusi, na kwa muda nilifikiri hakusikia. Kisha akafungua leso ile na kuiteremsha mabegani.

"Ni mimi nilikuwa namfunga," alisema. "Pakiti moja nilitumia siku tatu, siku nne. Nilikuwa nabakisha. Nilikuwa naweka kwa kabati."

Mwanamke mmoja alimgusa mkono akimnyamazisha, mama akauondoa mkono huo.

"Huyu alifungua kabati akaona. Hakuniambia, lakini niliona uso wake. Nikaenda kuuliza yule muuguzi. Akaniambia ikifunguliwa ni ya mara moja." Alikuwa akimtazama shangazi tu. "Dada, sikujua. Nilikuwa nafikiria ile karatasi ndiyo inaweka safi."

Kwa hiyo alijua. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha baba siku zile zote za mwisho, akimpangusa midomo kwa pamba, akijua, na mimi kule Athi River nikidhani namlinda asijue.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akajishika kwenye kiti, uso wake umefungika kabisa, akainuka. Alitafuta mkoba wake chini ya meza. Ndugu yangu alisimama kumzuia, akamwambia chakula kiko tayari, asafiri kesho. Shangazi alimpita. Mlangoni aligeuka akamwangalia mama pale mkekani.

"Nilimbeba mpaka mgongo ukapinda," alisema. "Na wewe ulimwekea akiba."

Akaondoka. Wale wengine walibaki kwa sababu ya adabu. Padre alipopita jioni kutuaga alikuta kila mtu anaongea juu ya mvua.

Tulijaribu kila namna na mama. Ndugu yangu alimweleza kwamba daktari mwenyewe hakuwa na hakika. Mimi nilimwambia, na ninaamini, kwamba miguu ya namna ile inaoza hata ndani ya hospitali kubwa, mikononi mwa watu waliosomea. Nilimwambia kwamba hakuna kipimo duniani kitakachoonyesha ni kipande kipi, siku ipi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulipima vyako ukajua," alisema. "Mimi nitapima na nini?"

Akachukua ndoo akaenda kwa ng'ombe.

Nilirudi kazini. Mkubwa wetu aliniuliza kama nataka kuhamishiwa upande mwingine, kwenye ghala labda, kwa muda. Nilikataa. Nilihitaji kitu chenye jibu mwishoni mwa siku. Lakini nilianza kumsumbua kuhusu maneno yaliyochapishwa nyuma ya pakiti. Kuna alama ndogo pale, duara lenye nambari mbili iliyokatwa kwa mstari, maana yake usitumie mara ya pili. Nimeiona kila siku tangu niajiriwe. Nilimwuliza mkubwa wetu: mtu wa Mwala atajuaje hiyo ni nini? Alilipeleka jambo hilo ofisini, kwa maandishi na kwa mdomo, akarudi akaniambia kwamba alama ile ni ya dunia nzima na kiwanda hakiwezi kuibadilisha, na kwamba kuongeza maneno ya Kiswahili kunahitaji idhini ya watu walio mbali. Alisema ataendelea kuuliza. Mpaka sasa ninapoandika, pakiti zetu zinatoka na duara lile tu.

Mama alikonda. Aliacha kufuma. Kwenye kabati la kioo alitoa vikombe vyote akavigawa kwa mabinti wa jirani, na kabati likabaki na kioo chake. Alikwenda kanisani na kurudi. Simu zake zilikuwa fupi: ng'ombe, mvua, nani amekufa. Shangazi hakuja kwenye misa ya kumkumbuka baba, na ndugu yangu alipompelekea habari alijibiwa na mjukuu kwamba bibi ana kazi sokoni.

Halafu msimu wa maparachichi ulipofika, mama alijaza kiondo, akapanda gari kwenda Muthetheni bila kumwambia mtu. Nilikuta amerudi, maana ilikuwa Jumamosi yangu ya kuja. Alikuwa ameketi nje ya jikoni akivua viatu, vumbi limempanda hadi magotini. Nilimwuliza alikuwa wapi, akaniambia.

Alisema alimkuta shangazi nyumbani. Alisimama kwenye lango muda mrefu, shangazi akiwa anachambua ndengu uani na anamwona. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Jua lilikuwa kali. Mwishowe shangazi aliingia ndani akatoka na kikombe.

"Alinipa maji," mama alisema.

Nilimwuliza walisema nini.

"Hakuna." Aliweka viatu kando, kimoja baada ya kingine. "Nilikunywa, nikamrudishia kikombe. Maparachichi niliyaacha kwa lango. Sijui kama aliyachukua."